Mitambo na Watunzaji Wake katika Nakuru

Aghalabu tarikhi ya umeme katika nchi zetu huandikwa kwa majina ya walionunua mitambo, ya waliotia saini mikataba, na ya waliokata utepe siku ya ufunguzi. Ama wale walioishika mitambo hiyo mikononi siku baada ya siku, wakaitia oili, wakaifungua na kuirudishia vipuri vipya mahali pa vilivyolika, hao hawana ukurasa wao. Naona kuwa hiyo ni dhuluma kwao na ni upungufu wa elimu kwetu, kwa sababu mtambo hununuliwa mara moja tu, na baada ya hapo umri wake wote umo katika mikono ya anayeutunza. Nataka kueleza habari za kazi hiyo katika Nakuru na sehemu za kati za Bonde la Ufa, ambako utunzaji wa jenereta umepita katika zama mbili zisizofanana: zama za mtambo uliofanya kazi kila usiku, na zama zetu hizi za mtambo unaosimama kungoja siku ya dharura.

Kampuni ya umeme ya Kenya, inaposimulia asili yake, huanzia Unguja mwaka 1875, wakati Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alipojipatia jenereta ya kuangazia kasri lake na njia zilizokuwa karibu nalo. Mwaka 1908, yaendelea simulizi hiyo, jenereta ile ilinunuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, tajiri wa Mombasa, na ununuzi huo ukazaa kampuni ya kuangaza kisiwa cha Mombasa. Na mwaka huohuo mhandisi Clement Hertzel alipewa peke yake haki ya kuipatia Nairobi umeme. Mashirika hayo mawili, la Mombasa na la Nairobi, yaliungana mwaka 1922 yakawa East African Power and Lighting Company. Wengi husoma habari hizo wakapita. Lakini ikiwa simulizi hiyo inashikika, basi kati ya 1875 na 1908 ipo miaka 33, na tajiri mwenye akili hatoi fedha zake kununua chuma kilichokufa; kwa hiyo ni dhahiri kuwa katika miaka hiyo yote, penye joto la pwani na hewa ya chumvi ilayo kila kitu cha madini, walikuwapo watu waliokuwa wakisafisha, wakipaka mafuta, wakifungua na kufunga. Sultani ametajwa, na mnunuzi ametajwa. Watu hao hawakutajwa hata mmoja.

Tuje sasa bara. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na miaka minne baadaye mahali hapo pakawa mji wenye mipaka yake. Upande wa juu, katika mteremko unaopanda kuelekea volkano ya Menengai, ndipo Milimani ilipojengwa, nyumba zenye viwanja vipana na miti mirefu, makao ya Wazungu katika siku ambazo rangi ya mtu ndiyo iliyoamua alale mtaa gani. Nje ya mji, katika Njoro, Rongai, Subukia, Solai na Molo, yalitandaa mashamba ya walowezi, na umbali wa nyumba moja mpaka nyingine ulikuwa maili kadhaa; kuvuta waya mpaka huko kulikuwa muhali. Mwenye shamba aliyetaka taa mezani, maji ya kisima na mashine ya kukamulia ng'ombe alikuwa na njia moja tu, nayo ni kuwa na injini yake mwenyewe katika kibanda chake mwenyewe.

Injini iliyojulikana kuliko nyingine zote katika kazi hiyo ni Lister, iliyoanza kuundwa kwa dizeli huko Dursley, Uingereza, mwaka 1929, na ambayo katika sura yake ya baadaye ilikuwa na silinda moja, nguvu za farasi 6, na mwendo wa mizunguko 650 tu kwa dakika. Mwendo huo ni wa taratibu mno ukilinganishwa na jenereta za dizeli za leo, ambazo nyingi huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na katika utaratibu huo ndimo ilimokuwa siri ya maisha yake marefu. Kwani chuma kinachosuguana polepole hulika polepole, na kasoro inayoanza husikika kabla haijawa hasara.

Kuiwasha ilikuwa kazi ya mtu anayejua, na mtu huyo kwa kawaida alikuwa Mwafrika, mfanyakazi wa shamba aliyekabidhiwa kibanda na ufunguo wake. Magharibi alikuja na kopo la oili lenye mdomo mrefu, akadondosha matone juu ya vyuma vinavyosukuma valvu, akapima oili ya chini, akatazama maji katika pipa la kupozea, akafungua bomba la dizeli. Kisha alinyanyua wenzo mdogo juu ya kichwa cha injini, ambao huiacha valvu ya moshi wazi ili silinda isikaze pumzi, akatia hendeli, akaanza kuyazungusha magurudumu mawili mazito. Kidole gumba hakikuizunguka hendeli, bali kililazwa upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikigeuka kinyume hendeli hurudi kwa nguvu ya kuvunja mkono. Magurudumu yalipokwisha kushika kasi aliuangusha wenzo ule. Pumzi ikakazwa, dizeli ikawaka, moshi ukatoka kwa vishindo vilivyohesabika, na taa nyumbani zikaanza kuwa nyekundu, kisha njano, kisha nyeupe.

Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kukumbushwa tarehe ya sevisi. Kwa kuwa injini ilifanya kazi kila siku, kila siku alikuwa nayo, naye aliijua sauti yake. Moshi mweusi ulimwambia kuwa hewa haitoshi au nozo inamwaga dizeli ovyo. Wa buluu, kuwa ringi zimelika na oili inapanda kuungua. Mweupe usiokoma, kuwa dizeli inatoka bila kuungua au maji yamepata njia ya kuingia palipo na moto. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ilimwambia kuwa gasketi ya kichwa imekwisha. Filta ya hewa ilikuwa bakuli lenye oili, ambalo lilioshwa kwa mafuta ya taa na kutiwa oili safi, na katika miezi ya Januari na Februari, upepo unapolinyanyua vumbi jepesi la Nakuru, lilipaswa kuoshwa mara nyingi zaidi kuliko kitabu cha Uingereza kilivyoagiza.

Juu ya vumbi hilo nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndilo adui mkubwa wa injini katika sehemu hizi. Ardhi yetu ni ya majivu ya volkano, na ukiteremka kuelekea Elementaita utafika Kariandusi, ambako tangu miaka ya 1940 huchimbwa udongo mweupe uitwao diatomaiti, mabaki ya viumbe vidogo vya maji vilivyoishi katika ziwa la kale. Udongo huo, ukitiwa katika vichujio vya viwandani, husafisha vinywaji na mafuta. Lakini chembe zake ni za silika, jamii moja na kioo, na chembe za namna hiyo zikipenya filta iliyochoka zikaingia katika silinda, huzisugua ringi na kuta zake mpaka injini ikakosa pumzi. Fauka ya hayo, Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake imepungua kwa kadiri ya humusi moja ikilinganishwa na ya Mombasa. Kwa hiyo injini isiyo na tabo haiwezi huku kutoa nguvu zilizoandikwa kwenye kibao chake, na anayeidai zote huichosha kabla ya wakati. Na maji ya visima vya Bonde la Ufa yana madini mengi, ikiwemo floraidi inayojulikana kwa kuharibu meno ya watoto wetu. Yakitiwa katika rejeta na kuchemka mara kwa mara, madini hubaki ndani na kuziba njia. Kitabu cha mtengenezaji hakikuandikwa kwa ajili ya mahali hapa, na kwa sababu hiyo elimu ya fundi wa Nakuru tangu mwanzo ilikuwa elimu ya kuongeza juu ya kitabu.

Vipuri vilikuwa na safari yao. Vya asili vilitoka Uingereza kwa meli mpaka bandari ya Kilindini, vikapanda reli. Na wenye maduka ya vyuma, ambao wengi wao walikuwa Wahindi, walikuwa na njia nyingine ya zamani zaidi, ile ya Gujarati, kwa kuwa mji wa Rajkot ulikuja kuwa na viwanda vingi vilivyounda injini na vipuri kwa mfano wa Lister. Kwa njia hizo mbili pistoni, ringi, nozo na beringi zilifika Nakuru, na bei ya zile za Rajkot ilikuwa ndogo. Mafundi walibishana juu ya zipi ni bora, na mabishano hayo hayajakwisha mpaka leo.

Karakana za Wahindi, hasa za Makalasinga, zilikuwa shule isiyo na ubao. Kijana wa Kiafrika aliingia kama mfagiaji au mshika taa, akapanda akawa mwosha vyuma, na baada ya miaka akawa anaaminiwa kufunga kichwa cha injini peke yake; Kenneth King, aliyechunguza mafundi wa Kenya katika miaka ya 1970, alieleza kwa kirefu jinsi ujuzi ulivyohama kutoka karakana hizo kwenda katika mikono ya Waafrika waliojianzishia kazi chini ya miti na kando ya barabara, wale ambao nchi nzima iliwaita jua kali. Wengine walipitia mitihani ya serikali ya ufundi, daraja la tatu, la pili na la kwanza, wakapata cheti. Wengine cheti chao kilikuwa injini walizozifufua. Siwashushi hawa wa pili. Naona kuwa bila wao sehemu kubwa ya Bonde la Ufa ingelala gizani.

Ushahidi wa neno hilo ni miaka ya leseni za uagizaji. Tangu miaka ya 1970 mpaka mageuzi ya biashara ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, fedha za kigeni zilikuwa chache na kila kipuri kilihitaji kibali. Fundi aliyefungua injini na kukuta kipuri kimekwisha hakuwa na hakika ya kukipata mwezi ule, wala mwaka ule. Basi alijifunza kuokoa. Krankshafti iliyokwaruzika ilichongwa ikatiwa beringi nene zaidi. Silinda iliyolika ilitobolewa upya ikatiwa slivu. Gasketi ilikatwa kwa kuilaza karatasi nzito juu ya chuma chenyewe na kuigonga pembeni kwa nyundo ndogo mpaka umbo likatoka. Koili ya jenereta iliyoungua ilifumuliwa, ikahesabiwa mizunguko yake uzi kwa uzi, ikasukwa upya. Kazi hizo zilikuwa na mipaka yake, na mara nyingine kilichookolewa kilikufa baada ya miezi. Lakini mkono uliozizoea haukuwa mkono wa mtu anayejua kubadilisha tu, ulikuwa mkono wa mtu anayejua kwa nini kipuri kimekufa.

Hata kabla ya miaka hiyo ya leseni, zama za kwanza zilikuwa zimeanza kufikia mwisho. Bwawa la Owen Falls, pale Jinja, Uganda, lilifunguliwa mwaka 1954, na mwaka 1958 waya mkubwa wa volti 132,000 kutoka Tororo ulikamilika mpaka Nairobi, ukipita Lanet, mlangoni mwa Nakuru. Miji ya nyanda za juu, ambayo kabla ya hapo ilitegemea mitambo midogo ya mahali penyewe, mingine ya maji na mingine ya dizeli, ikapata umeme wa mbali. Baada ya uhuru yakafuata mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 mpaka Masinga mwaka 1981. Na mwaka huohuo wa 1981, Olkaria, karibu na Naivasha, ikaanza kutoa umeme kwa mvuke wa ardhini. Milimani ikasahau kelele za injini. Lister zikabaki vijijini, zikisaga mahindi katika vinu vya posho, na huko zikaendelea kutunzwa kwa desturi ileile, kwani mwenye kinu anayeshinda bila kusaga hulala bila pesa.

Ukame ndio uliozirudisha jenereta mjini. Mvua zilipokosekana, na maji ya Masinga yakashuka, mwaka 2000 taifa zima liligawiwa umeme kwa saa. Serikali ikakodi mitambo ya dharura ya dizeli, na kila mwenye uwezo akatafuta ya kwake. Mgao ukarudi mwaka 2009. Hoteli, hospitali, mabenki, vyumba baridi vya maua huko Naivasha, vyama vya maziwa vyenye matangi ya kupozea, na nyumba nyingi za Milimani zikajijengea kibanda nyuma. Ni jambo la kuwaza, kwamba kaunti yenye Olkaria, na yenye Menengai ambako visima vya mvuke vilianza kuchimbwa mwaka 2011, ndiyo hiyohiyo ambayo watu wake huweka dizeli akiba. Lakini umeme ukishaingia katika gridi hauna jirani, na hitilafu ya mbali huzima nyumba iliyo karibu na kisima.

Na hapa ndipo kazi ya fundi ilipobadilika kabisa. Jenereta ya akiba haifi kwa kufanya kazi. Hufa kwa kusimama. Betri yake hujimaliza polepole bila mtu kuigusa, na baada ya miaka miwili au mitatu haina tena nguvu za kuisukuma starta. Tangi lililojaa nusu huvuta unyevu katika baridi ya usiku wa Nakuru, maji hukaa chini ya dizeli, vijidudu huota mpakani, na utando wao huziba filta siku injini inapohitajika. Panya hutafuna nyaya. Mpira wa bomba hukauka na kupasuka. Na ikiwa mwenye nyumba alinunua jenereta kubwa kwa fahari, naye akawa anaiwasha kwa ajili ya taa chache tu, injini haipati joto la kutosha, dizeli isiyoungua hujikusanya katika bomba la moshi na kwenye nozo kama lami, na mashine ambayo saa zake za kazi hazijafika mia huonekana mzee. Ndiyo maana oili yake hubadilishwa kila saa 250 za kazi au kila mwaka mmoja, lolote litanguliapo, na filta za oili na dizeli pamoja nayo. Na ndiyo maana kila mwezi inapasa kuwashwa nusu saa ikiwa imebebeshwa mzigo usiopungua theluthi ya uwezo wake. Kuiwasha dakika tano bila mzigo, ili isikike tu, hakuna faida, na mara nyingi kuna madhara.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulizimika karibu Kenya nzima, na katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta iliyohudumia sehemu mojawapo ya majengo ya abiria haikuwaka. Abiria wakakaa gizani, na waziri akaomba radhi hadharani. Siitaji habari hiyo ili kumlaumu mtu. Naitaja kwa sababu mtambo huo ulikuwapo, fedha zake zilikuwa zimelipwa, na usiku mmoja ulipohitajika haukufaa kitu.

Nimewatazama mafundi wa siku hizi wakifanya sevisi katika nyumba za Milimani, na jambo moja limenihuzunisha. Fundi huja na mfuko wa vipuri, naye huambiwa na mwenye nyumba abadilishe oili na kuipuliza filta ya hewa kwa kompresa badala ya kuiweka mpya. Karatasi ya filta ikipulizwa mara kadhaa hutoboka matundu yasiyoonekana kwa jicho, na kwa vumbi letu matundu hayo yanatosha. Fundi anajua, husema mara moja kwa staha, akikataliwa hunyamaza, kwa kuwa anataka kuitwa tena. Kadhalika katika maduka ya vipuri filta bandia hukaa rafu moja na ya asili, rangi ileile na sanduku lileile, ijapokuwa sheria dhidi ya bidhaa bandia ipo tangu 2008. Na mnunuzi anayetazama bei peke yake hununua karatasi tupu ndani ya kopo. Mafundi wa zama za leseni waliokoa kipuri kwa sababu hakikupatikana. Sisi tunakiacha kilichopo dukani, tukahatarisha injini nzima kwa bei ya filta moja, na kwa haki yote naona kuwa taksiri hiyo ni ya mwenye mali kuliko ya fundi.

Basi ombi langu kwa wenye nyumba wa Milimani, na kwa kamati za shule, zahanati, makanisa na misikiti zenye jenereta nyuma ya jengo, ni hili. Nunueni daftari, mlifunge kwa uzi ndani ya kibanda, na kila fundi anapokuja aandike humo tarehe, saa zinazosomeka kwenye mita, kipuri alichotoa na alichotia, na jina lake kamili. Mlipeni ujira wa elimu yake, si wa jasho lake tu. Akisema filta imekwisha, nunueni nyingine. Na kabla hajaondoka, muandikiane naye katika ukurasa huohuo siku atakayorudi kuiwasha kwa mzigo.